Dar hadi Tanga kwa baiskeli: mito mitatu iliyoamua safari ya mjomba na mpwa wake

Kisa ninachokichambua hapa ni cha watu wawili wa Dar es Salaam: mwalimu wa historia aliyestaafu, na mpwa wake ambaye ni fundi baiskeli. Walitaka kwenda Tanga kwa baiskeli wakipitia miji na magofu ya pwani, wakibeba mizigo yao wenyewe, bila gari la kuwafuata nyuma. Mwalimu alifundisha habari za Bagamoyo na Pangani miaka mingi, na sehemu kubwa ya miji aliyoifundisha hakuwahi kuiona. Mpwa alitaka kujua kama baiskeli anazozitengeneza kila siku zinaweza kazi hiyo. Waliniletea mpango wao niupitie, nami naueleza kwa ruhusa yao kwa sababu shida waliyokutana nayo itamkuta kila atakayejaribu njia hii.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa siku nne. Siku ya kwanza Dar hadi Bagamoyo, ya pili Bagamoyo hadi Saadani, ya tatu Saadani hadi Pangani, ya nne Pangani hadi Tanga. Ukiutazama kwenye simu unavutia. Kutoka Bagamoyo hadi kijiji cha Saadani ni kama kilomita 45 kwa mstari ulionyooka, na Saadani hadi Pangani ni kama 70. Mtu aliyezoea baiskeli anaona ni siku mbili nyepesi.

Mwalimu ndiye aliyeanza kusita. Mpwa alimwonyesha mstari mwembamba kwenye ramani akasema, "Mjomba, njia hii hapa, inafika mpaka Saadani." Mwalimu akamuuliza, "Njia ya nani, mpwa wangu? Ya kupita na nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha kisa chote. Miji ya pwani hii haikujengwa ili mtu atoke mmoja aende mwingine kwa nchi kavu. Iliunganishwa na bahari. Mtu wa Kaole, mji wa kale ulio kusini kidogo ya Bagamoyo, aliyekuwa na shughuli Pangani alipanda chombo. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipokua, njia za miguu zilizotoka Bagamoyo, Saadani na Pangani zilielekea bara, kila mji na njia yake. Kati ya mji na mji zikabaki mikoko, mabwawa ya chumvi na midomo ya mito: Ruvu, Wami na Pangani. Mwendesha baiskeli anayefuata pwani kwenda kaskazini anaikata nchi kwa upande ambao wenyeji wa zamani hawakuwa na haja ya kuukata kwa miguu. Ndiyo maana nikawashauri waweke orodha ya magofu kando kwanza, tuanze na mito.

Ruvu ni rahisi. Barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ina daraja lake. Mto Pangani nao una kivuko kati ya Bweni upande wa kusini na mji wa Pangani upande wa kaskazini. Baiskeli zinapanda pamoja na watu, na daraja kubwa la mto huo limo kwenye mradi wa barabara ya pwani. Kazi iko Wami. Mdomo wa mto huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, na mtoni humo mna viboko na mamba. Nchi kavu ina simba, tembo na nyati. Hifadhi ya taifa si mahali pa watu wawili kukatiza kwa baiskeli bila kibali wala askari, na hata ingeruhusiwa nisingemshauri mtu. Nyati aliyejitenga na kundi hakupi nafasi ya kugeuza baiskeli yenye mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo ramani ya simu haionyeshi, nalo ni udongo. Maeneo mengi ya Saadani ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unapasuka na kuwa mgumu. Mvua ikinyesha hata kidogo unanata kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo unakwangua kwa kijiti, unasukuma hatua chache, unakwangua tena. Mpwa aliijua hali hiyo kwa baiskeli alizowahi kuletewa kutoka mashambani, kwa hiyo sehemu hii hatukubishana. Madigadi yalivuliwa na kuachwa Dar.

Tukabaki na njia tatu mezani. Ya kwanza, kuiacha pwani kabisa: Bagamoyo hadi Msata, kisha barabara kuu hadi Segera, Muheza na Tanga, halafu kushuka Pangani na kurudi. Lami tupu, lakini ni kilomita nyingi ukipumuliwa na malori na mabasi, na unafika Pangani ukiwa umeshachoka na kila kitu. Ya pili, kukodi jahazi au mashua Bagamoyo iwapeleke kaskazini. Kihistoria hii ndiyo njia yenye haki zaidi, na mwalimu aliipenda sana. Niliipinga. Chombo cha mizigo hakina ratiba ya abiria, hakina maboya ya kutosha, na kuvuka na baiskeli mbili juu ya magunia wakati upepo wa kusi umekaza ni hatari ambayo haihitajiki.

Njia ya tatu ndiyo waliyoichukua: kuuvuka Wami mbali na bahari, kwenye daraja la barabara kuu, kisha kurudi pwani kupitia Mandera, Miono na Mkange, na kutokea Mkwaja, kaskazini ya Saadani. Kuanzia Mkange wanaingia maeneo yanayopakana na hifadhi, ambako wanyama huvuka barabara wakati wowote. Kipande hicho niliwaambia wazi: baiskeli zipande gari la wenyeji, liwe lori la mazao au basi dogo, lolote litakalokuwa linaelekea Mkwaja.

Mpwa hakupendezwa. "Sasa mjomba, tukipanda lori si tumekuwa tumeshindwa?"

Mwalimu akamjibu kwamba yeye ametoka nyumbani kwenda kuona Pangani. Akamkumbusha kwamba wapagazi wa misafara ya zamani wenyewe walivushwa mito kwa mitumbwi ya wenyeji na kulipa ushuru wa kuvuka. Mpwa akanyamaza, siku ya pili akaniambia amekubali. Nadhani alikubali kwa sababu ya wale nyati zaidi kuliko wapagazi, na ni sababu nzuri.

Baada ya hapo mengine yalipangika kwa haraka. Siku nne zikawa kumi, mbili kati yake zikiwa za kutembea mjini bila mzigo. Mwezi ukawa Julai. Masika imekwisha, vuli haijaanza, jua limepoa, na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni ukienda kaskazini. Ndio upepo uliovipeleka vyombo upande huo tangu zamani. Anayetaka kutoka Tanga kwenda Dar afanye hesabu tofauti, maana mwezi huohuo utampiga usoni siku nzima.

Baiskeli zilituchukua jioni nzima. Mwalimu alikuwa na baiskeli yake kubwa nyeusi ya tairi 28, isiyo na gia, ambayo ameiendesha kwenda shuleni miaka yote. Mpwa alikuwa na baiskeli ya mtumba ya alumini, gia nyingi, breki za diski, tairi 26. Kila moja ilikuwa nzuri peke yake. Zikiwa pamoja ni tatizo: tyubu za aina mbili, tairi za aina mbili, na kimoja kikiharibika hakimsaidii mwenzake. Nikawaomba wote wapande baiskeli za gia za fremu ya chuma, tairi 26 pana. Chuma kwa sababu kijiji chochote chenye umeme kina fundi wa kuchomelea, na fundi huyo hawezi kushika alumini. Breki za kawaida za mpira, kwa sababu pedi za diski hazipatikani Miono. Mpwa alizichagua mwenyewe kwenye mtumba, akazifumua zote mbili, akabadilisha gololi, cheni na nyaya za breki, akakaza spoku moja moja.

Mizigo tulikubaliana isizidi kilo 12 kwa mtu bila kuhesabu maji. Nguo jozi mbili, kikoi, chandarua, taa, dawa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, pawabenki, na ramani iliyopakuliwa kwenye simu ili isitegemee bando. Vifaa: tyubu nne, viraka, solusheni, pampu, spana, kikatio cha cheni, spoku chache zilizofungwa kwenye fremu kwa utepe, na mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mipira hiyo inashinda kamba yoyote ya dukani, kwani inabana mzigo, hailegei barabara ikitikisa, na inafunga hata keria iliyovunjika. Hema hawakubeba. Nyumba za wageni zipo Bagamoyo, Msata, Pangani na Tanga, na vijijini walipanga kwenda moja kwa moja kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, waonyeshe barua, waombe pa kulala. Katika kijiji kinachopakana na hifadhi hii si adabu tu, ni usalama: wenyeji ndio wanaojua tembo walipita wapi jana.

Basi walitoka Dar kabla ya mapambazuko, mchana wa kwanza wakasimama Kunduchi, ambako kuna msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Watu wengi wa Dar hupita barabara ya Bagamoyo maisha yao yote bila kuingia hapo. Baada ya Bunju magari yanapungua na pumzi inapatikana. Waliingia Bagamoyo saa kumi jioni, mjomba akiwa na magoti yanayouma.

Siku ya mapumziko iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa mpango bora kuliko yote katika safari hii. Asubuhi walikwenda Kaole, kilomita 5 kusini ya mji, baiskeli zikiwa tupu. Msikiti wa hapo asili yake ni karne ya 13, na makaburi yake ya nguzo yamesimama chini ya miti. Mwalimu alitafuta bahari akaikosa, maana mbele ya magofu ni mikoko. Bandari ya Kaole ilijaa tope, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, na maisha yakahamia Bagamoyo. Alisimama pale akimweleza mpwa wake kwa mkono: hapa maji yalifika, hapa chombo kilikaa. Jambo hilo darasani alikuwa analisema kwa sentensi moja. Ukienda kwa gari unashuka, unapiga picha, unaondoka. Hao walikaa mpaka jua likawa kali, kwa sababu hakuna aliyekuwa anawasubiri.

Mchana ulikuwa wa mji wenyewe: misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mwalimu aliwataja Susi na Chuma, watumishi wake, waliouleta mwili huo kwa miguu pamoja na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Kisha Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa baada ya makao makuu yao kuwa yamekwisha hamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Bagamoyo hadi Msata ni siku ya vilima vidogo visivyokwisha. Ukipanda kimoja hakikushindi, ukikishuka hakidumu, ila mwisho wa siku mapaja yanakuambia. Walikunywa karibu lita tano za maji kila mmoja. Kesho yake waliingia barabara kuu alfajiri, na sheria tuliyokubaliana ilikuwa moja: magari mawili makubwa yakikaribia kupishana mbele au nyuma yako, toka kwenye lami, simama, yapite, rudi. Walivaa vizibao vya kung'aa kama vya bodaboda. Kipande cha barabara kuu ni kifupi, na kwa maoni yangu ndicho cha hatari kuliko vyote, hata vile vya wanyama. Daraja la Wami walilivuka kabla ya saa tatu asubuhi. Wakafika Mandera na kuacha lami.

Keria ya mjomba ilivunjika karibu na Miono, kwenye ule mguu wa kushoto unaoshika ekseli. Mpwa aliishikiza kwa mipira na kijiti cha mtama, wakasukuma taratibu hadi kijijini. Fundi wa kuchomelea alikuwapo, umeme haukuwapo. Wakakaa kwa mama lishe wakala wali maharage, wakangoja hadi jioni. Umeme uliporudi, fundi aliunga pale palipovunjika, kisha akaongeza kipande cha nondo pembeni bila kuombwa. Keria hiyo imerudi Dar ikiwa imara kuliko ilivyotoka. Kama ingekuwa fremu na keria ya alumini, safari ingeishia hapo.

Mkange ilibidi walale, maana gari la Mkwaja walilopata lilikuwa la asubuhi ya pili. Baiskeli zilifungwa juu ya magunia, nao wakapanda juu pamoja na wenyeji. Njiani dereva alisimama kusubiri tembo watoke barabarani. Mpwa hakuuliza tena habari za kushindwa.

Barabara ya pwani kutoka Makurunge kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga inajengwa kwa vipande, kwa hiyo atakayekwenda baadaye aulizie hali yake ya wakati huo. Lami itapunguza vumbi na kuongeza mwendo wa magari, haitawaondoa wanyama. Kutoka Mkwaja waliendesha wenyewe hadi Bweni, kati ya minazi na mashamba ya mkonge, wakavuka kwa kivuko jioni.

Pangani walikaa siku nzima, na mwalimu alistahili siku hiyo. Mwaka 1888 watu wa mji huo walikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuchukua nafasi ya bendera ya Sultani, na vita ikaenea pwani yote. Abushiri bin Salim aliyeiongoza alinyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi 1890. Majumba ya zamani kando ya mto yanabomoka. Milango ya nakshi mingine imebaki inashikilia kuta zisizo na paa. Hili linaniuma kulisema: mji uliobeba historia nzito kiasi hiki unaporomoka mvua hadi mvua, na kila familia inayohama inaacha nyumba nyingine ya kuanguka. Wasafiri wa baiskeli hawataokoa nyumba. Lakini wanalala mjini, wanakula mjini, wanalipa mwongoza wageni wa mjini, na fedha inabaki pale.

Siku ya Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50, na ilipangwa iwe ya polepole. Tongoni iko njiani, unakata kidogo upande wa bahari. Pana msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo ambazo sasa zimelala chini vipande vipande. Wareno wa Vasco da Gama walipita maji hayo mwaka 1498, na mwaka 1499 wakirudi kutoka India walichoma hapo karibu meli yao ya São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kutosha kuiendesha, wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye. Mbele kidogo, kabla ya kuingia Tanga, ni Machui, alikozaliwa Shaaban Robert. Hapo mpwa ndiye aliyeomba wasimame.

Tanga waliyoitembelea siku ya mwisho ni ya reli ya Wajerumani, ya makaburi ya vita vya Novemba 1914, na mapango ya Amboni kilomita 8 nje ya mji. Kurudi walipanda basi. Baiskeli haiingii kwenye buti ikiwa nzima: unavua gurudumu la mbele, unageuza usukani, unafungua pedeli, unafunga cheni kwa gazeti isichafue mizigo ya watu. Nauli ya baiskeli waliipatana na konda jioni ya kabla ya safari, na ndivyo inavyotakiwa. Asubuhi ya safari, basi likiwa linanguruma, huna nguvu ya kupatana.

Ningepewa mpango huu tena ningebadilisha mambo mawili. Ningeongeza siku moja ya akiba kati ya Msata na Mkwaja, kwa sababu kipande hicho kinategemea umeme wa fundi na gari la mtu mwingine. Na kwa anayetaka kukiona kijiji cha Saadani chenyewe, cha Bwana Heri, asijaribu kukiunganisha kwenye njia ya baiskeli. Aache baiskeli Pangani kwa mwenye nyumba ya wageni, aende kwa gari lililoandikishwa getini na kulipiwa kiingilio, alale usiku mmoja, kisha arudi aendelee na Tongoni.